Kuchangisha fedha kwa ajili ya watoto wenye selimundu: maswali ambayo wachangishaji wa kujitolea huuliza mara kwa mara

Kila mwaka, mvua za masika zikianza kupungua, simu yangu hujaa maswali yale yale. Yanatoka kwa watu wanaotaka kuchangisha kabla ya tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani, na hawajui pa kushika. Mimi si daktari, wala si mwajiriwa wa shirika lolote. Nina mdogo wangu anayeishi na selimundu, na kwa ajili yake nilianza kuzunguka na daftari. Haya ni majibu niliyowahi kuwapa wenzangu, nimeyaandika mahali pamoja ili nisimsahau mtu.

Nitaulizwa selimundu ni nini. Nijibu vipi bila kubabaika?

Sema ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo, laini, na hupita kwenye mishipa bila shida. Kwa mwenye selimundu hupinda zikawa na umbo la mundu, zikakakamaa na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo yanapokuja maumivu makali ya mifupa na kifua, upungufu wa damu, maambukizi ya mara kwa mara, na wakati mwingine kiharusi, hata kwa mtoto wa miaka mitano.

Mtoto huupata anaporithi kinasaba kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wakiwa wabebaji wote, yaani kila mmoja ana kinasaba kimoja cha selimundu bila kuumwa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Rudia neno hilo, "kila mimba", kwa sababu wengi hudhani akishazaliwa mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sema pia kwamba ukoo wa mama hauna la kulaumiwa peke yake. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki na akina mama walioachwa na waume zao kwa sababu ya ugonjwa ambao nusu yake ulitoka kwa hao waume.

Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye idadi kubwa zaidi duniani. Wabebaji ni wengi zaidi Kanda ya Ziwa, na sababu yake ni malaria: aliyerithi kinasaba kimoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo kinasaba hicho kimedumu kwa vizazi na vizazi mahali palipo na mbu wengi.

Usiuite "ugonjwa wa kufa mapema". Mtoto akigunduliwa mapema, akapata penisilini mpaka afike miaka mitano, vidonge vya foliki, kinga ya malaria na haidroksiurea, dawa inayosaidia chembe zisipinde ovyo, anasoma, anaoa, anazeeka. Hiyo ndiyo habari unayoibeba mlangoni kwa watu.

Hela inakwenda kwenye nini hasa?

Muulize mweka hazina wa chama unachokichangishia kabla hujamwomba mtu hata shilingi moja, kwa sababu utaulizwa. Mara nyingi ni vitu vidogo visivyopigwa picha: haidroksiurea ya mwezi, kipimo cha damu cha kuangalia kama dawa inamfaa mtoto, bima ya afya kwa familia isiyoweza, na nauli.

Nauli nataka niisemee kidogo. Mtoto anaweza kuwa na dawa zake zote zinamsubiri hospitali, na mama yake akashindwa kufika kwa kukosa nauli ya kwenda na kurudi. Hospitali ya CCBRT hapa Dar es Salaam ililiona hilo kwa akina mama wenye fistula, jeraha la uzazi linalosababisha kuvuja mkojo au haja kubwa: upasuaji ulikuwa bure, lakini wagonjwa hawakufika. Wakaanza kuwatumia nauli kwa M-Pesa, na wagonjwa wakafika. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa mshangao "Yaani mchango wangu ulipe basi?", mjibu ndiyo, na umweleze kwa nini.

Wengine watauliza kwa nini tusichangie upandikizaji wa uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ili watoto wapone kabisa. Ni kweli huduma hiyo ipo nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Lakini inahitaji ndugu anayelingana kinasaba na mtoto, na gharama yake kwa mtoto mmoja ni kubwa mno kwa mfuko mdogo. Sisi tunachangia dawa na kliniki za watoto wengi. Sema hivyo waziwazi, kisha mwache mtu aamue.

Je, nahitaji kibali?

Kuwaomba ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzako kwa jina lako ni jambo moja. Kusimama sokoni na kopo, au kupita nyumba kwa nyumba, ni jambo jingine. Kwa hilo la pili usitoke bila kibali cha maandishi. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, wao watakuelekeza ngazi inayohusika. Kenya nako michango ya hadhara ina sheria yake, ya tangu mwaka 1960.

Kwa vyovyote vile, beba barua ya utambulisho kutoka chama unachokichangishia, yenye mhuri, jina lako kamili, na tarehe ya mwisho wa kuchangisha. Kabla ya hapo, wewe mwenyewe omba uone cheti chao cha usajili. Mashirika yasiyo ya kiserikali Tanzania Bara husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Wakisitasita kukuonyesha, tafuta chama kingine. Usiione aibu kudai cheti, kwa sababu jina litakaloharibika mtaani kwenu ni lako.

Niweke lengo la kiasi gani?

Usianze na tarakimu inayopendeza. Anza na majina. Kaa chini uandike kila mtu unayeweza kumpigia simu akakutambua kwa sauti. Tuseme umefika 80. Chukulia nusu yao watatoa. Kati ya hao 40, watu 30 watatoa 5,000 na kumi watatoa 20,000. Hiyo ni 150,000 na 200,000, jumla 350,000. Lengo lako ni hilo. Likitimia kabla ya siku, unaliongeza na watu wanafurahi. Lakini ukitangaza milioni tatu halafu ukakwama kwenye laki nne, hata waliotoa wataona kama mchango wao umezama.

Naona aibu kuomba. Nifanyeje?

Hili naulizwa kuliko yote, na huwa linaulizwa kwa sauti ya chini.

Sisi tumezoea kuchangishana. Hakuna mtu mzima nchi hii asiyewahi kupokea kadi ya mchango wa harusi, kitchen party, msiba au ubarikio. Tunakaa kwenye vikao vya kamati wiki nane mfululizo kwa ajili ya ukumbi na keki, na hatuoni aibu. Aibu inatujia tunapoomba kwa ajili ya mtu asiye ndugu yetu, kwa sababu tunahofia kuonekana tunajiombea wenyewe. Kwa hiyo dawa ya aibu hii ni kuwa na ushahidi mkononi: barua, jina la chama, namba inayotoa jina la chama, na tarehe ya kutoa hesabu. Ukishakuwa na hivyo vinne, mdomo unafunguka wenyewe.

Toa wewe kwanza. Kiasi chochote, lakini kitoke na kiandikwe mstari wa kwanza wa daftari. Mtu akikuuliza "Na wewe umetoa ngapi?", usimeze mate.

Kisha anza na walio karibu zaidi, wale ambao hata wakikataa hamtaachana. Dada yako, rafiki wa utotoni, jirani mnayepeana chumvi. Michango ya kwanza kumi ndiyo inayokupa sauti ya kumwendea mkuu wako wa kazi. Na usimwamulie mtu kwamba hana. Nilimruka mama mmoja muuza mboga pale mtaani kwetu nikidhani namwonea huruma. Alikuja mwenyewe na 2,000 akaniuliza kwa nini nimempita, au nilidhani yeye hana watoto. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nilikuwa naujua msemo huo tangu shule ya msingi, lakini siku ile ndiyo niliuelewa.

Akikataa, shukuru na umuulize habari za nyumbani. Usimwandike pembeni kama mtu mbaya. Hujui wiki hiyo ametuma hela ngapi kijijini.

Ujumbe wa WhatsApp niuandikeje?

Kumbuka kwamba kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii". Ukianza na namba ya simu na kiasi, umeshafanana nao. Anza na salamu inayomhusu yeye, peke yake. Usirushe ujumbe mmoja kwenye magrupu kumi na tano ukasubiri. Kwenye grupu kila mtu humngoja mwenzake aanze.

Hivi ndivyo nilivyomwandikia mjomba wangu:

"Shikamoo mjomba. Habari za Tabora, na mguu unaendeleaje? Mwezi huu nachangisha kwa ajili ya watoto wenye selimundu, wenzake na mdogo wangu pale kliniki. Lengo langu ni 350,000, mpaka leo nimefikisha 90,000. Naomba uniunge mkono kwa 10,000, au chochote utakachojaliwa. Hela inaingia moja kwa moja kwenye lipa namba ya chama, na jina litakalotokea ni la chama, si langu. Tarehe 25 Juni nitakuletea hesabu. Nikupigie jioni?"

Taja kiasi. Watu wengi hawatoi kwa sababu hawajui kiasi gani hakitawatia aibu. Na lile swali la mwisho usiliache: piga simu kweli. Robo tatu ya michango yangu ilikuja baada ya simu.

Hela zipitie kwenye namba yangu?

Hapana. Naomba nieleze kwa nini, kwa sababu nililipia somo hili.

Mwaka wa kwanza nilitumia namba yangu mwenyewe, kwa kuwa ndiyo watu waliyokuwa nayo. Nilikuwa nimekopa shilingi 15,000 kwenye ile huduma ya mkopo wa simu, nikasahau. Mchango wa kwanza ulipoingia, deni lilijikata hapo hapo. Sikuwa nimeiba, lakini mchango wa watoto ulikuwa umelipa mkopo wangu. Niliurudisha jioni ile ile kutoka mfukoni. Wiki iliyofuata nikanunua umeme kwa simu bila kutazama salio ni la nani. Mwisho wa mwezi nilikesha na ujumbe wa miamala, nikitenganisha hela yangu na hela ya watu, na mpaka leo kuna 3,000 ambayo sikuipatia mwenyewe. Niliijaza mimi.

Kwa hiyo, chaguo la kwanza ni lipa namba au akaunti ya benki ya chama. Mchangiaji anaona jina la chama kabla hajaweka namba ya siri, na jina hilo peke yake linaondoa nusu ya wasiwasi wake. Kama chama hakina, basi sajili laini mpya kwa kazi hiyo tu, isiyokopa, isiyonunua vocha wala umeme, na uwe na mtu wa pili anayeona salio pamoja nawe kila Jumapili. Kila inapofika kiasi mlichokubaliana, ihamishieni kwenye akaunti ya chama. Isilale kwako.

Taslimu inapokelewa, hasa kwa wazee, lakini iandikiwe risiti pale pale na iingizwe siku hiyo hiyo. Usitoe chenji kutoka kwenye hela ya mchango ukasema utarudisha.

Makato ya miamala, nauli yangu na vocha analipa nani?

Vya kwako lipa wewe, au kubaliana na chama kwa maandishi kabla hujaanza. Kinachoharibu ni kukata kimyakimya. Kuhusu makato, mwambie mchangiaji kwa lugha tuliyoizoea: "kama utaweza, tuma na ya kutolea." Asipoweza, andika kwenye hesabu kiasi kilichofika, na mstari wa makato ukae peke yake uonekane.

Daftari liwe na nini?

Tarehe, jina, kiasi, njia iliyopita, namba ya muamala, na safu ya mwisho ya kuweka alama kwamba umeshamshukuru. Asiyetaka jina lake litajwe mwandike "msamaria", lakini namba ya muamala ibaki. Ahadi zikae ukurasa wake, zisichanganywe na hela iliyoingia. Piga picha kurasa kila jioni umtumie mwenzako, simu na madaftari hupotea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Watu wameahidi na hawatoi. Niwadai?

Wakumbushe mara mbili, basi. Mara ya kwanza siku tano kabla ya kufunga, mara ya pili siku ya kufunga. Kamwe usimkumbushe mtu kwenye grupu, wala usibandike orodha ya waliotoa ili wasiotoa waone haya. Najua kamati za harusi hufanya hivyo. Kule kuna sahani mtu atakula. Huku ni hisani, na hisani ya kulazimishwa mwakani hairudi. Wala usitumie hela kabla haijaingia kwa kutegemea ahadi. Mweleze mweka hazina kilicho mkononi tu.

Naweza kuweka picha ya mtoto mgonjwa? Picha inachangisha sana.

Ni kweli inachangisha. Hata hivyo nakuomba usiweke.

Kuna sheria kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ridhaa ya mzazi lazima uwe nayo, na ridhaa anayoitoa mama saa nane usiku wodini, akiwa na deni la dawa na wewe ndiye uliyeshika simu, siihesabu mimi kuwa ridhaa. Muulize siku nyingine, mtoto akiwa amepata nafuu, na umwambie kwamba akikataa dawa haitapungua.

Kuna mtoto pia. Picha yake akiwa na drip na machozi itazunguka kwenye magrupu miaka kumi ijayo. Atakuwa kidato cha tatu, mwenzake ataifungua darasani. Atakuja kuchumbia, mtu ataitoa. Mdogo wangu aliwahi kukutana na picha yake ya utotoni kwenye simu ya mtu asiyemjua, yenye maneno "tumsaidie kabla hajafariki". Alikuwa na miaka kumi na saba, ametoka kucheza mpira.

Piga picha ya boksi za dawa. Piga picha ya kadi ya kliniki ukiwa umefunika jina, ya mkono wa mama umeshika mkono mdogo, ya foleni ya viatu mlangoni. Au usipige kabisa, umsimulie mtu kwa mdomo. Nimeona watu wakitoa zaidi kwa hadithi waliyoisikia kuliko kwa picha waliyoitazama wakaipitisha kwa kidole.

Rafiki anataka kumchangia mtoto mmoja aliyemsikia, si mfuko.

Ni hamu ya kawaida na nzuri. Muulize mweka hazina kama chama kinapokea mchango wenye sharti. Kikikubali, uandikwe hivyo daftarini na utumike hivyo, mpaka shilingi ya mwisho. Kikikataa, mwambie rafiki yako kabla hajatuma. Kosa kubwa ni kupokea kwa jina la mtoto fulani halafu ukaingiza kwenye kapu la wote. Hata kama nia ni njema, umemdanganya.

Na ikitokea mtoto tuliyemchangia amefariki?

Hutokea. Imenitokea mara moja.

Usitangaze wewe. Ngoja familia iseme, na usiandike neno kwenye grupu kabla ya baba mdogo wa marehemu kuwapigia ndugu wa mbali. Nenda msibani kama mtu, ukae na watu mkekani, uache daftari nyumbani. Baada ya matanga, kaa na familia pamoja na chama muangalie kilichobaki. Huenda kuna deni la hospitali. Kisha waandikie wachangiaji, mmoja mmoja: mtoto ametutoka, kiasi fulani kilishatumika kwa dawa na vipimo, kiasi fulani kimebaki, tunaomba ridhaa yako kigharamie deni, au kiende kwa watoto wengine, au ukirudishiwe. Wape wiki mbili. Katika ule mchango wangu hakuna aliyedai kurudishiwa, lakini haki ya kuulizwa walikuwa nayo. Rambirambi iwe na mfuko wake. Isichanganywe na hela ya matibabu hata siku moja.

Na wewe pia pumzika. Mimi nilikaa miezi minne bila kuomba mtu chochote.

Nataka kukimbia mbio au kupanda Kilimanjaro ili watu wanichangie. Inafaa?

Inafaa, kwa kuwa inawapa watu kitu cha kufuatilia na wewe unapata sababu ya kuwarudia: "leo nimefikisha kilomita 12". Njia hii imeshazoeleka nchini. Tangu mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita na TACAIDS, tume ya serikali ya kudhibiti UKIMWI, huandaa upandaji wa Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya mapambano dhidi ya UKIMWI. Mbio za CRDB Bank Marathon, zilizoanza 2020, zimechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Sharti langu ni moja: gharama zako za kushiriki zisitoke kwenye mchango. Kuupanda mlima kunataka ada za hifadhi, waongozaji, wapagazi na vifaa. Ukiwaomba watu wachangie watoto halafu nusu ikalipia safari yako, hao wamekuchangia wewe. Lipa mwenyewe, au tafuta mfadhili wa safari na umtaje. Na kama fedha ni ndogo, tembea. Matembezi ya kilomita tano kutoka kanisani hadi zahanati Jumamosi asubuhi hayana gharama zaidi ya maji ya kunywa. Mkitumia barabara, watoleeni polisi taarifa mapema.

Misikitini na makanisani je?

Mwone imamu, padri au mchungaji ofisini kwake wiki kadhaa mapema. Usimvizie baada ya ibada. Kwa Wakatoliki, jumuiya ndogondogo husikiliza vizuri kuliko kanisa zima. Kwa Waislamu, tofautisha sadaka na zaka. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na mafukara na masikini wamo, lakini si kila mgonjwa ni fukara. Anayekupa zaka atakwambia. Ipokee kwa daftari lake, na umuulize sheikh iende kwa nani.

Ndugu zangu walio nje wachangieje?

Waliopo Uingereza wanaweza kuongeza thamani ya mchango bila kuongeza hela: wakitoa kupitia shirika la hisani linalotambuliwa kule, na wao ni walipa kodi, mpango wa Gift Aid huliwezesha shirika kudai senti 25 kwa kila pauni moja. Ukurasa wa GoFundMe, tovuti ya kuchangisha mtandaoni, hauwezi kulipa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya Tanzania, kwa hiyo mtu wa kule ndiye atakayepokea na kutuma. Achaguliwe kwa makini, na hesabu yake iandikwe pia. Kwa walio Oman na Ghuba, ambako wengi wana jamaa Unguja na Pemba, kinachofanya kazi ni mtu mmoja wa ukoo anayeheshimika akusanye huko, atume mara moja.

Mgombea, au kampuni, inataka kutoa hela nyingi na kupiga picha.

Waelekeze kwa uongozi wa chama, si saizi yako kuamua. Mimi binafsi husita wakati wa kampeni. Kenya walifika mahali ambapo, Julai 2024, Rais William Ruto alitangaza kuwazuia viongozi na watumishi wa umma kushiriki harambee. Hela ya kampuni ni ya kupokea, ila isiwe ya sigara wala pombe, na watoto wasipangwe mstari nyuma ya hundi.

Mtu hana hela kabisa lakini anataka kusaidia.

Mpeleke akachangie damu! Watoto wenye selimundu huongezewa damu mara kwa mara, na upungufu kwenye benki za damu huwagusa wao mapema kuliko wengi. Awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Tarehe 14 Juni ni Siku ya Wachangia Damu Duniani, siku tano tu kabla ya siku yetu; sisi huziunganisha, wiki nzima, na wasiokuwa na shilingi huja kifua mbele.

Lengo halikutimia. Niseme nini?

Sema kiasi kilichopatikana. "Tulilenga 350,000, tumepata 212,000." Halafu sema kitafanya nini. Usikope ili ujazie.

Mrejesho niutoe lini, na kwa nani?

Kwa kila aliyetoa, ndani ya wiki moja baada ya kufunga, hata aliyetoa 500. Ukurasa mmoja unatosha: kilichoingia, makato, kilichokabidhiwa, picha ya risiti ya chama yenye mhuri. Baada ya miezi mitatu, muulize mweka hazina hela imefanya nini, kisha uwaandikie tena. Huu ujumbe wa pili karibu kila mtu huuruka, na mimi ndio ninaoupenda zaidi.

Wasio na WhatsApp wafuate. Yule mama wa mboga hana simu ya kugusa, kwa hiyo nilimpelekea karatasi gengeni. Aliomba nimsomee. Nikasoma mstari wake, jina na 2,000, kisha nikasoma jumla, kisha idadi ya watoto waliopata dawa. Akaniambia nirudie pale penye jina lake. Juni iliyofuata, kabla sijaanza kumpigia mtu yeyote, alimtuma mjukuu wake nyumbani kwetu na noti mbili za elfu moja zimefungwa kwenye kipande cha kanga, na maagizo kwamba aandikwe wa kwanza. Nikamwandika wa pili, chini ya mchango wangu. Mjukuu alisimama pembeni mpaka akaona jina la bibi yake limeandikwa, ndipo akaondoka.